Kifaranga Akikunja Vidole, Anza na Gunia la Chakula

"Daktari, njoo uone, hawa vifaranga wamerogwa." Aliyenipigia simu ni mama mmoja wa nje kidogo ya mji wa Morogoro. (Huku kwetu kila ofisa mifugo anaitwa daktari, hata sisi wa stashahada, nimeshazoea.) Alikuwa na vifaranga chotara 200 wenye umri wa siku 13. Baada ya shikamoo na marahaba mwanangu, akanipa ndala za bandani nibadilishe viatu, jambo lililonifurahisha kuliko chai aliyonikaribishia baadaye.

Kama thelathini hivi walikuwa wamekaa kwa visigino, mabawa wameyatandaza kidogo ili wasianguke. Vidole vya miguu yote miwili vimejikunja kwa ndani kama mtoto aliyeficha shilingi kiganjani. Nilimwinua mmoja, nikamnyoosha vidole; nilipoachia tu vikajikunja tena. Lakini macho maangavu, kinyeo kikavu, na nilipomsogezea chakula alidonoa kwa pupa. Wengi wa aina hii hufa kwa njaa huku hamu ya kula wanayo, kwa kuwa hawafiki kwenye chombo.

Mdondo (kideri) niliuweka kando: hakuna aliyekoroma, hakuna shingo iliyopinda, hakuna kinyesi cha kijani wala vifo vya ghafla. Mahepe, ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu, huja baadaye, kwa kuku waliokwisha kupita wiki kadhaa, na mara nyingi mguu mmoja huenda mbele na mwingine nyuma. Sakafu ilikuwa na maranda mazuri, haitelezi. Kwa hiyo nikaomba kuona gunia.

Mama alichanganya mwenyewe: kilo 70 za mahindi ya kuparaza na pumba, kilo 20 za mashudu ya alizeti, kilo 10 za dagaa, chokaa na chumvi kidogo. Kwa hesabu ya haraka, kama dagaa ni safi, protini inafika kama asilimia 18. Kwa chotara si haba. Premiksi je, ule mchanganyiko wa vitamini na madini? "Ile ya unga kidogo kwa bei kubwa? Niliiruka, nikaongeza dagaa."

Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa la watu wengi. Protini na wanga ni mali ghafi. Mwili wa kifaranga unazivunja na kuzijenga upya kuwa misuli, manyoya na joto, na kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, ambavyo navyo ni protini. Sasa vimeng'enya vingi ni kama jembe lisilo na mpini: chuma kipo, makali yapo, ila hulimi. Mpini ndio wataalamu wanaita koenzaimu, na mti wa kuchongea mpini huo mara nyingi ni vitamini za kundi B. Vitamini B2, yaani riboflavini, ikifika mwilini huchongwa kuwa koenzaimu mbili, FMN na FAD, ambazo seli inazihitaji ili kupata nguvu kutoka kwenye chakula. Zikipungua, kifaranga anadumaa na neva zake zinaharibika. Neva kubwa ya paja huvimba. Ukimpasua aliyekufa unaiona nene kuliko kawaida, nyeupe na laini. Vidole vinakosa amri, vinajikunja.

Kuongeza dagaa hakumsaidii. Tena, mwili unapopokea protini nyingi unahitaji vitamini B6 zaidi, maana koenzaimu ya B6 ndiyo inayoshughulikia amino asidi. Umemletea fundi tofali zaidi, mwiko hujampa.

Kipimo chenyewe ni kidogo ajabu. Kifaranga anahitaji kama miligramu 3.6 za riboflavini katika kila kilo ya chakula. Kwa tani nzima ni gramu 3.6 tu. Mahindi yana kama miligramu 1 tu kwa kilo. Kuku wa kuzurura hapati shida hii mara nyingi, kwa sababu anajitafutia majani na wadudu. Wa kufungiwa anakula unachomwekea, basi. Siku za mwanzo kifaranga anaishi kwa akiba ya kiini cha yai, ndiyo maana dalili huchelewa hadi kama siku ya kumi au wiki ya pili, wakati mfugaji ameshaanza kujipongeza.

Matibabu hayana ugumu, ila yana haraka. Siku ileile tuliwatenga walemavu kwenye boksi lenye maranda, chombo cha chakula kikawa kifuniko cha ndoo ili wafikie wakiwa wamekaa. Banda zima likapewa vitamini B za kwenye maji kwa kipimo cha kibandiko, na waliozidiwa wakadondoshewa mdomoni. Maji hayo yaandaliwe mapya kila asubuhi na yakae kivulini, kwa kuwa mwanga huiua riboflavini. Nimewahi kukuta chombo cha vitamini kimeanikwa juani kutwa nzima, halafu mwenye kuku analalamika dawa ni feki.

Kama unatibu kuharisha damu kwa amproliamu, usiichanganye na vitamini hizi. Dawa hiyo inafanana na vitamini B1, na inafanya kazi kwa kuwahadaa vijidudu. Ukimwaga B1 humohumo unaidhoofisha dawa. Maliza dozi kwanza, kisha uwape vitamini. Na usiirefushe dozi kwa kubahatisha, maana kifaranga naye akikosa B1 shingo humvutika nyuma, akabaki anaangalia juu kama anayehesabu nyota.

Premiksi ya kilo 100 za chakula huwa kati ya gramu 250 na 500, kutegemea kibandiko. Usiimwage juu ya lundo ukageuza kwa koleo mara mbili. Ichanganye kwanza na kilo moja ya unga kwenye beseni, kisha na kilo tano, kisha ishirini, ndipo uingize kwenye lundo lote. La sivyo kifaranga mmoja atapata sehemu ya wote kumi, na wale tisa watoke patupu. Nunua ya kutosha miezi miwili mitatu, ihifadhi pakavu na penye giza. Inayopimwa kutoka mfuko ulioachwa wazi dukani mimi siinunui.

Majani husaidia: mchicha, lusani, mlonge. Yakaushe kivulini, si juani, kwa sababu ileile ya mwanga. Maziwa mgando nayo yana riboflavini nzuri. Soya ikaangwe kabla ya kusagwa, maana mbichi ina kizuizi cha kimeng'enya kinachosaga protini. Dagaa watie konzi moja kwenye glasi ya maji ukoroge. Mchanga utazama chini, nawe utajua umenunua protini au ufukwe.

Siku ya nne mama alipiga simu: wengi wamesimama. Saba hawakunyooka. Neva ikishaharibika sana hairudi, nami sikumficha. Akaniuliza kitu kizuri zaidi: kuku wake wazazi wanakula mchanganyiko uleule, je, ndiyo sababu mayai mengi hayatotoi? Inawezekana kabisa, kwani yai lenye riboflavini kidogo kiinitete chake hufia ndani, hata kama jogoo ni mzima. Tukaenda banda la pili tukapasua mayai manne yaliyokwama.