Jinsi ya Kuomba Nafasi ya Uzamivu Sweden katika Usanifu Majengo na Uchambuzi wa Miji

Kijana aliyesoma usanifu majengo, mipango miji au jiomatiki huku kwetu anaujua mji wake kwa namna ambayo mtafiti mgeni huhitaji miaka kuifikia. Anajua kwa nini fremu ya kona Kariakoo hugombaniwa na ya mtaa wa nyuma yake hukaa tupu, na kwa nini watu hupita kichochoro fulani na kuiacha barabara ya lami. Vikundi vya utafiti wa miji vinautafuta ujuzi wa aina hiyo, lakini kwenye maombi mengi hauonekani, kwa sababu mwombaji ametuma vyeti na barua ya kujisifia. Nimeandika mwongozo huu ili uonekane.

Nitazungumzia Sweden, hasa vyuo viwili: KTH cha Stockholm na Chalmers cha Gothenburg. Vyote vina watafiti wa umbo la miji na mtandao wa mitaa, na kanuni za nchi hiyo ni nafuu kwa mtu asiye na mfadhili.

Ifahamu nafasi kabla ya kuiomba

Masomo ya uzamivu Sweden hayana ada, hata kwa raia wa nje ya Ulaya. Kwa kawaida mwanafunzi huajiriwa na chuo na kulipwa mshahara kila mwezi. Mkataba wa kwanza hauzidi mwaka mmoja, kisha huongezwa kwa vipindi visivyozidi miaka miwili kila kimoja. Masomo yenyewe ni ya miaka 4. Ukipewa kazi ya kufundisha au nyingine za idara, ambazo hazipaswi kuzidi asilimia 20 ya muda wako, kipindi husogea hadi miaka 5.

Kwa kuwa hii ni ajira, unaomba kupitia tangazo la kazi. Hakuna msimu mmoja wa maombi. Tangazo hutoka mradi unapopata fedha, iwe Februari au Oktoba. Jiwekee utaratibu wa kupitia kurasa za nafasi za kazi za vyuo hivyo kila baada ya wiki mbili, pamoja na tovuti ya Euraxess ya Umoja wa Ulaya. Kuomba ni bure. Yeyote anayekudai hela ya "kushughulikia maombi" au "kukuunganisha na profesa" ni tapeli.

Sifa za kuingia

Kigezo cha jumla ni kuwa na shahada ya uzamili, au krediti 240 za chuo kikuu ambazo angalau 60 ni za ngazi ya uzamili. Krediti 60 ni sawa na mwaka mmoja wa masomo. Kama una shahada ya kwanza pekee, hata iliyochukua miaka mingi, usichukulie kwamba miaka ya mwisho itahesabiwa kuwa uzamili. Mwandikie ofisa wa idara anayetajwa kwenye tangazo, umuulize.

Lugha: vyuo vingi hutaka Kiingereza cha kiwango sawa na kozi ya Kiingereza 6 ya sekondari za Sweden. Kwa mtihani wa IELTS ni wastani wa 6.5, bila kipengele chochote kushuka chini ya 5.5. Ulizia kama shahada uliyosoma kwa Kiingereza inatosha kabla hujalipia mtihani, maana mtihani huo si wa bei rahisi.

Lisome tangazo kama hati

Lichapishe, chukua kalamu mbili. Kwa ya kwanza pigia mstari kila sifa iliyo ya lazima. Kwa ya pili pigia zile zinazotajwa kuwa nyongeza, labda kutumia QGIS (programu ya kuchora na kuchambua ramani), kuandika msimbo kwa Python, takwimu, au uzoefu wa sintaksia ya nafasi, ile nadharia ya Bill Hillier, Julienne Hanson na wenzao wa chuo kikuu cha UCL, London, ya miaka ya 1970 inayochunguza jinsi mpangilio wa mitaa na vyumba unavyogawa mwendo na mikutano ya watu. Wanaopitia maombi watayalinganisha na orodha ya tangazo, kwa hiyo kila mstari uliopigia lazima upate jibu mahali fulani kwenye karatasi zako.

Mara nyingi mradi una swali lake tayari. Kama unahusu msongamano wa majengo na maeneo ya kijani, usitume pendekezo lako la zamani la nyumba za gharama nafuu. Onyesha jinsi unayoyajua yanavyosaidia swali lao.

Chini ya tangazo utakuta jina la msimamizi, na pengine wawakilishi wa vyama vya wafanyakazi. Hao wa vyama huna haja ya kuwaandikia. Msimamizi unaweza kumwandikia barua pepe fupi, ukiwa na swali ambalo jibu lake halimo kwenye tangazo. Ukikosa swali la namna hiyo, acha.

Andaa kazi moja ndogo ya uchambuzi

Hapa ndipo ningekushauri utumie muda wako mwingi, hata kama tangazo linasema tu "ambatisha tasnifu au kazi nyingine." Kurasa nne za uchambuzi wa mtaa unaoujua zinamwonyesha msomaji unavyofikiri, kitu ambacho transkripti haiwezi. Na hakuna kinachohitaji pesa nyingi: QGIS ni ya bure, ramani ya OpenStreetMap ni ya bure, na PST, programu nyongeza ya QGIS iliyotengenezwa na KTH, Chalmers na kampuni ya Spacescape, nayo ni ya bure. Anayependa kuandika msimbo ana OSMnx kwenye Python.

Chukua Kariakoo. Tangu mabasi yaendayo haraka yaanze Dar es Salaam mwaka 2016, Barabara ya Msimbazi ina njia yao katikati. Swali lako linaweza kuwa hili: je, wanaotembea kwa miguu bado wanafuata mitaa iliyoungana vizuri na mingine, au kuvuka Msimbazi kumewabadilishia mapito? Ni swali dogo, lina jibu, na mtu wa Stockholm au Gothenburg ataelewa papo hapo kwa nini ni la maana.

Pakua mitaa kutoka OpenStreetMap, na upakue eneo pana kuliko unalochunguza. Ukipima muunganiko, yaani jinsi kila mtaa unavyofikika kutoka mingine, kwa umbali wa kilomita 2, mtandao wako lazima uendelee angalau kilomita 2 nje ya mpaka wa Kariakoo, uingie Upanga, Ilala, Gerezani hadi Magomeni. La sivyo, mitaa ya pembeni itaonekana haina muunganiko kwa sababu tu ramani imekatwa pale. Msimamizi mzoefu hulitazama hilo mapema sana.

Kisha safisha. Barabara ambayo njia ya kwenda na ya kurudi zimetenganishwa katikati huchorwa mistari miwili. Amua kama utaiacha hivyo au utaifanya mmoja, na ueleze umechagua lipi. Mistari miwili ikikosa kugusana kwa nusu mita, macho yako yataona njia panda lakini programu itaona mitaa miwili isiyokutana. Vichochoro visivyo na jina navyo vinahesabika. Dar es Salaam ina bahati hapo, kwa sababu mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora kata zao. Hata hivyo tembea ukahakikishe, kwa sababu ukuta mmoja mpya unaweza kuwa umekwisha kuziba njia.

Sasa pima muunganiko wa kila kipande cha mtaa kwa umbali wa mita 500 na kilomita 2. Fanya mara mbili: kwanza mitaa yote inayokutana na Msimbazi ikiwa imeunganishwa ng'ambo kwa ng'ambo, kisha ikiwa imeunganishwa penye vivuko pekee. Tofauti ya ramani hizo mbili ndiyo kiini cha kazi yako.

Baada ya hapo ondoka kwenye kompyuta. Chagua sehemu kadhaa, kwa mfano Mtaa wa Congo, Swahili, Sikukuu na Msimbazi yenyewe. Simama pembeni, weka mstari wa kufikirika unaokata mtaa, na kwa dakika tano hesabu kila anayeuvuka. Rudia asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi na Jumamosi. Usipige picha za nyuso za watu. Kwa hesabu hii huzihitaji. Linganisha idadi yako na ramani, na pale zinapopingana eleza unachokiona: pengine wamachinga wamebana njia, pengine kuna kituo cha daladala ambacho mtandao wa mitaa haukijui. Mtu aliyesimama pale ndiye anayeweza kuandika aya hiyo, kwa hiyo iandike kwa uangalifu kuliko zote.

Maliza kwa kutaja mipaka ya data yako. Mwenzangu wa Zanzibar anaweza kulinganisha vichochoro vya Mji Mkongwe na njia pana za Michenzani upande wa Ng'ambo. Aliye Mombasa, Kampala au Lubumbashi ana mji wake.

Barua ya maombi

Kurasa mbili zisizidi, kwa Kiingereza. Aya kama hii haina kazi: "Mimi ni mchapakazi ninayejituma, na imekuwa ndoto yangu ya muda mrefu kusoma katika chuo chenu mashuhuri." Mtu yeyote angeweza kuiandika kwa chuo chochote. Linganisha na hii, ambayo nimeibuni kama mfano: "Mradi wenu unauliza kama mitaa iliyoungana vizuri huvuta wapita njia hata pale majengo yanapokuwa machache. Katika kazi niliyoambatisha nilihesabu wapita njia Kariakoo, nikakuta uhusiano huo upo, isipokuwa karibu na soko. Ningependa kujifunza jinsi ya kutenganisha mvuto wa soko na mvuto wa mtaa wenyewe." Mwandishi wa aya ya pili amesoma tangazo, amefanya jambo, na ameonyesha anachotaka kujifunza.

CV, vyeti na wadhamini

Sweden ina sheria ya uwazi wa nyaraka za umma iliyoanzia mwaka 1766, na maombi ya kazi katika chuo cha umma huwa nyaraka za umma. Mtu mwingine anaweza kuomba kuyasoma. Kwa hiyo toa kwenye CV yako dini, hali ya ndoa, majina ya wazazi na namba ya kitambulisho, vitu ambavyo huku tumezoea kuviweka. Picha nayo haihitajiki isipoombwa.

Skani vyeti na transkripti kwa rangi, pande zote, pamoja na ukurasa unaoeleza maana ya madaraja. Tangazo likitaka nakala zilizothibitishwa, nenda kwa wakili akugongee muhuri. Kama ulisoma Bujumbura au Lubumbashi na transkripti yako ni ya Kifaransa, utahitaji tafsiri, na hilo huchukua siku, usilingoje wiki ya mwisho.

Wadhamini wawili wanatosha: msimamizi wa tasnifu yako, na mtu mliyefanya naye kazi ya ramani, takwimu au usanifu. Mwalimu mwenye cheo kikubwa asiyekukumbuka atakuandikia barua ya jumla ambayo haitakufikisha popote. Kabla ya kuweka jina la mtu, mwombe ruhusa kwa heshima, umtumie tangazo na zile kurasa zako nne ili awe na la kusema.

Kutuma

Maombi hupakiwa kwenye mfumo wa chuo. Ukiyatuma kwa barua pepe ya profesa, huenda yasihesabiwe kabisa. Majina ya faili yawe na jina lako la ukoo na aina ya hati. Mwisho mara nyingi ni saa 23:59 kwa saa za Sweden, yaani kwetu ni karibu saa nane usiku wakati wa baridi yao na karibu saa saba usiku wakati wa kiangazi chao. Tuma siku mbili kabla, umeme ukikatika usikukatie na nafasi.

Usaili

Ukiitwa, utakuwa wa video, na pengine utaombwa kuwasilisha tasnifu yako kwa dakika chache. Fungua na zile ramani mbili. Wasweden huitana kwa jina la kwanza, profesa na mwanafunzi sawasawa. Akijitambulisha kwa jina lake la kwanza, mwite hivyo, wala si utovu wa adabu. Akiuliza usilolijua, mwambie hulijui na ueleze ungelitafutaje. Nawe uliza: kikundi kina wanafunzi wangapi wa uzamivu, nani atakuwa msimamizi msaidizi, na kama kazi ya uwandani itakuwa Afrika Mashariki. Ikiwa ndiyo, vibali vya utafiti viingie kwenye ratiba tangu mwanzo: vya COSTECH kwa Tanzania, vya NACOSTI kwa Kenya.

Ukikosa, andika kuomba maelezo mafupi ya upungufu wako. Sheria ileile ya uwazi inakuruhusu pia kuomba kuona nyaraka za mchakato huo katika chuo cha umma. Kuyasoma maombi ya aliyepata ni darasa kubwa kwa awamu ijayo.

Ukipata

Omba kibali cha kuishi kwa ajili ya masomo ya uzamivu kwa Idara ya Uhamiaji ya Sweden, kupitia mtandao. Kabla ya hapo tazama pasipoti yako, kwa sababu kibali hakiwezi kuzidi muda wake wa kuisha. Iliyobakiza miezi kumi ihuishe kwanza. Baada ya hapo utatakiwa kufika kwenye ubalozi wa Sweden unaohudumia nchi yako kwa picha na alama za vidole. Mwenzi na watoto wanaweza kuombewa pamoja nawe.

Ukishafika, jiandikishe kwa mamlaka ya kodi upate namba ya utambulisho wa mkazi. Hutolewa kwa mwenye kibali cha angalau mwaka mmoja, na bila hiyo kufungua akaunti ya benki ya kupokelea mshahara huwa kazi ngumu, kwa hiyo nenda wiki ya kwanza ukiwa na pasipoti, kibali na mkataba wako.