Kuishi na dini uliyolelewa nayo baada ya kushika njia nyingine

Mtu aliyelelewa katika dini moja kisha akashika njia nyingine ya kiroho ukubwani huyachukua malezi yake kama furushi moja, akadhani hana budi kulibeba lote au kulitupa lote. Furushi hilo lifunguliwe kwanza. Ndani yake mna mafundisho aliyoyasadiki, desturi alizozizoea, nyimbo na hadithi, hofu alizotiwa, na watu waliomlea. Na kila kimoja kina namna yake ya kushughulikiwa.

Mafundisho ni mepesi kuliko yanavyodhaniwa. Chukua daftari, uandike kwa maneno yako mwenyewe yale uliyofundishwa kuhusu Mungu, dhambi na kifo, kisha mbele ya kila fundisho uandike kama unasadiki, husadiki au hujui. Usione haya ikiwa usiyoyajua ndiyo mengi. Baada ya hapo ipime njia mpya kwa daftari lile lile, maana wengi wetu huihoji dini ya zamani kwa ukali wa hakimu na kuipokea mpya kwa macho ya mchumba.

Hofu ndiyo inayotaka muda. Mtu anaweza kuacha kusadiki moto wa milele, na miaka kumi baadaye akashtuka usiku kwa kuwa radi imepiga. Mshtuko huo hauthibitishi kwamba dini ya zamani ndiyo ya kweli, wala kwamba njia mpya imeshindwa. Hofu ilipandwa kabla mtoto hajaweza kuhoji, kwa hiyo haing'olewi kwa hoja. Inapokuja, jiulize ni nani aliyekuambia jambo hilo kwa mara ya kwanza, na ulikuwa na umri gani. Nilipojiuliza hivyo nilikiona kidole cha mwalimu, chenye vumbi la chaki, kikielekezwa kwetu sote mmoja baada ya mwingine, nami nilikuwa na miaka sita. Kumhurumia yule mtoto kulinituliza kuliko kubishana na mwalimu kichwani. Hofu ikikunyima usingizi kwa muda mrefu, au ikiwa malezi yenyewe yaliambatana na kipigo, mwone mshauri nasaha asiye na haja ya kukurudisha wala kukuhamisha.

Kuhusu desturi, utaonywa kwamba njia mbili zilimshinda fisi, na onyo hilo ni la kweli kwa anayetaka tu kuziridhisha pande mbili. Hata hivyo, waliotangulia hawakutoa jibu moja. Raimon Panikkar, padri Mkatoliki aliyezaliwa Barcelona mwaka 1918 kwa baba wa Kihindu na mama Mkatoliki, alisema kwamba aliondoka Ulaya kwenda India akiwa Mkristo, akajikuta Mhindu, akarudi akiwa Mbuddha, pasipo kuacha kuwa Mkristo. B. R. Ambedkar, mwanasheria wa India aliyezaliwa katika tabaka lililodharauliwa na Wahindu wenzake, alitangaza mwaka 1935 kwamba alizaliwa Mhindu lakini hatakufa akiwa Mhindu, na miaka 21 ikapita kabla hajaingia Ubuddha mjini Nagpur, tarehe 14 Oktoba 1956. Viapo 22 alivyowapa wafuasi wake viliikana dini ya zamani waziwazi, kwa kuwa kwake haikutengana na mfumo wa matabaka uliowadhalilisha watu wake. Kwa maoni yangu, tofauti yao inatokana na kile ambacho malezi yalimtendea kila mmoja. Aliyelishwa na dini yake anaweza kuendelea kufunga au kuimba wimbo wa utotoni bila unafiki; aliyejeruhiwa nayo asilazimishwe kuupenda wimbo huo.

Wazazi wanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu unaposema umebadili njia wao husikia kwamba walikulea vibaya. Usiseme siku ya sikukuu wala msibani. Mwambie mmoja kwanza, ueleze ulichoanza kukifanya na kinavyokusaidia, bila kuorodhesha makosa ya imani yao. Mama akikuomba uongoze sala mezani, unaweza kumjibu, "Mama, naomba uongoze wewe, nami nitainamisha kichwa pamoja nanyi." Kuinamisha kichwa ni heshima kwa wanaosali, wala si kukiri imani. Akikuambia kwamba mwacha asili ni mtumwa, mshukuru kwa ile asili, kisha unyamaze. Mabishano ya siku hiyo hayajawahi kumshawishi mtu.

Kama bado unawategemea kwa chakula na malazi, au unaishi katika nchi ambayo sheria yake humwadhibu anayeacha dini, kunyamaza ni busara. Ibara ya 18 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inataja haki ya kubadili dini, lakini haitakulipia kodi ya nyumba usiku utakaofukuzwa.

Mambo ya ndoa, majina ya watoto na mazishi yazungumzwe mapema, yasingoje siku yenyewe. Andika unavyotaka kuzikwa, nani asome nini na wimbo gani uimbwe, ukijua kwamba wewe hutakuwepo ila mama yako huenda akawepo, kisha mwachie nakala ndugu mmoja na mwenzako mmoja wa njia mpya, nao wajuane.