Namna ya Kukokotoa Umbali wa Anga na Muda wa Safari: Dodoma hadi Dar es Salaam

Andaa karatasi na kikokotoo chenye kosaini. Kwa anayeanza, sipendekezi jedwali la kompyuta, kwa sababu kosaini yake husoma pembe kwa radiani badala ya nyuzi, na hutoa jibu lisilo sahihi bila kuonya.

Hatua ya 1. Tafuta latitudo na longitudo za kiwanja cha ndege chenyewe, si za mji. Kwa Dodoma, tumia alama ya kiwanja, DOD, kwa kuwa uwanja mpya wa Msalato uko nje ya mji, mbali na ule wa zamani. DOD, yaani kiwanja cha zamani, iko nyuzi 6 dakika 10 kusini, nyuzi 35 dakika 45 mashariki. DAR, kiwanja cha Dar es Salaam, iko nyuzi 6 dakika 53 kusini, nyuzi 39 dakika 12 mashariki.

Hatua ya 2. Geuza tofauti zote ziwe dakika. Hapa ndipo mpwa wangu, anayesoma chuo hapa Dodoma, alipokwama jioni nzima, na ndipo ninapoomba msomaji asiharakishe. Uzi mmoja una dakika 60, si 100. Kwa hiyo nyuzi 35 dakika 45 ni 35.75, wala si 35.45. Anayeandika dakika kana kwamba ni desimali atapata takriban kilomita 408 kati ya viwanja hivi, wakati jibu sahihi ni 389, na kwa kuwa 408 nayo inaonekana ya kweli, hakuna kitakachomshtua arudi kukagua. Kwa usahihi, tofauti ya latitudo ni dakika 43, na ya longitudo ni nyuzi 3 dakika 27, yaani dakika 207. Latitudo zote mbili zikiwa kusini, unatoa. Lakini ukienda Addis Ababa, iliyo kaskazini mwa ikweta, unajumlisha, la sivyo safari ndefu itageuka fupi kwenye karatasi.

Hatua ya 3. Zidisha 207 kwa kosaini ya latitudo ya wastani, nyuzi 6.5, utapata 205.7. Kisha tumia kanuni ya Pythagoras pamoja na 43: jibu ni maili za baharini 210, kwa kuwa dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini. Zidisha kwa 1.852 upate kilomita 389. Njia hii inafaa safari za ndani ya nchi. Kwa safari za mabara, tumia kanuni ya duara kuu, yaani ya njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia.

Hatua ya 4. Gawanya kwa mwendo. Kwa ndege ya panga boi iendayo kilomita 600 kwa saa, hiyo ni kama dakika 39. Ongeza dakika 30 za ndege kutembea ardhini, kupanda, kushuka na kujipanga kutua. Tiketi ikisema 14:00, yaani saa nane mchana, mwambie anayekupokea akutarajie kutua saa tisa na dakika kumi, na mzigo uuhesabie muda wake kando.