Kupunguza Taka Shuleni: Anzeni na Jiko

Kabla ya kununua pipa hata moja, pimeni taka za shule kwa siku 5 mfululizo, kila aina peke yake, kwa mizani ile ile inayopimia maharage stoo. Katika shule inayopika chakula cha mchana, sehemu kubwa mara nyingi ni ukoko wa ugali, maganda na majani yaliyofagiliwa uwanjani, yaani vitu vinavyoweza kurudi shambani.

Vitu hivyo vifanyeni mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza. Chagueni mahali penye kivuli, tandazeni vijiti chini ili hewa ipite, kisha pangeni tabaka la majani makavu, tabaka la mabaki ya jikoni na udongo kidogo, mkirudia hadi lundo lifike kimo cha mita 1. Nyama na mafuta visiingie, kwa kuwa huvuta panya. Chomekeni kijiti kirefu katikati: kikitoka na joto, lundo linafanya kazi, kikitoka kikavu na baridi, nyunyizeni maji na mligeuze.

Chupa za plastiki zisuuzwe na kutunzwa guniani hadi zitoshe kumwita mnunuzi.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifuko vidogo vya karanga na barafu bado hutapakaa viwanjani. Naomba sana msivichome kwenye shimo la nyuma ya madarasa, kwa maana moshi wake ni sumu na watoto ndio wanaouvuta. Zungumzeni na akina mama wanaouza vitafunwa langoni, wakubali kuwapakulia wanafunzi katika vibakuli vyao wenyewe.