Soma mkondo kwa vichwa vya samaki
Mwamba uliosimama chini ya maji hupasua mkondo: ukipiga mbizi, upande mmoja utapiga mapezi ya miguuni hadi mtungi wa hewa uishe, upande wa pili utaelea kama umelala kitandani. Kabla hujaachia kamba ya boya uliyoshukia, tulia sekunde 10 uwatazame samaki wadogo wanaoelea juu kidogo ya matumbawe. Vichwa vyao huelekea mkondo unakotoka. Hivyo hubaki mahali pamoja, na chakula huwafuata mdomoni. Anza kwa kwenda wanakoelekea, ungali na hewa nyingi, kisha zunguka ukipanda polepole hadi upande uliokingwa. Mimi nilifanya kinyume, nikarudi kwenye kamba nikihema, na kwenye hifadhi ya bahari huruhusiwi kujishikiza kwenye matumbawe. Ila nyuma kabisa ya mwamba usiwaamini samaki: maji huko huzunguka, nao hugeuka ovyo. Maji yakitulia pia hawakuambii kitu. Na ukiona mapovu yako yanashuka badala ya kupanda, mkondo unavuta kwenda chini: achana na samaki. Ogelea kando, utoke kwenye ukuta wa mwamba uelekee maji ya wazi.