Sayansi jinai: namna ya kuchagua njia yako ukiwa Kigoma au Tabora

Mwanafunzi anayesema anataka kusomea forensiki bado hajasema anataka kazi gani. Anayesoma alama za vidole, anayepima sumu kwenye ini la marehemu, anayefungua simu iliyotumika kutapeli watu na anayepasua maiti, wote wako ndani ya sayansi jinai. Hata hivyo hawakusoma tahasusi moja, hawakupita chuo kimoja na hawana mwajiri mmoja. Kwa hiyo usianze kwa kutafuta chuo chenye neno "forensiki" kwenye jina la kozi. Anza kwa kujiuliza ni kielelezo gani, yaani kitu gani cha ushahidi, ungependa kukaa nacho mezani kila siku kwa miaka 30.

Kama ni damu, mate, nywele na mifupa, njia yako ni baiolojia ya molekuli na vinasaba (DNA). Kama ni sumu, dawa za kulevya, pombe na mabaki ya moto, njia yako ni kemia. Hati za kughushi, saini, silaha, maganda ya risasi na alama za vidole, kwa Tanzania, kwa sehemu kubwa ni kazi ya polisi. Simu, kompyuta na miamala ni tehama. Mwili wa binadamu, aliye hai au aliyekufa, ni wa daktari.

Nani anaajiri

Mwajiri wa kwanza wa kumfahamu ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Inasimamiwa na sheria yake ya mwaka 2016, na ndani yake kuna kurugenzi ya sayansi jinai na huduma za vinasaba. Uchunguzi wa vinasaba vya binadamu una sheria yake pia, ya mwaka 2009, ndiyo maana mtu hawezi kwenda tu na unywele wa mtoto akaomba apimiwe uzazi. Maombi hupitia mamlaka zinazotambuliwa na sheria, kama mahakama, wakili au ofisi ya ustawi wa jamii. Nafasi za kazi hapa hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia mfumo wake wa mtandaoni, na tangazo huomba shahada ya kemia, baiolojia ya molekuli, bioteknolojia au fani zinazofanana nazo. Angalia sana maneno hayo ya mwisho. Shahada yenye jina la kuvutia ambayo haina kemia ya kutosha ndani yake inaweza kukuacha nje ya mchujo, huku mwenzako mwenye shahada ya kawaida ya kemia akiitwa kwenye usaili.

Mwajiri wa pili ni Jeshi la Polisi, kwenye kamisheni yake ya uchunguzi wa kisayansi. Hapa utaratibu ni tofauti kabisa: unaingia kwanza kama askari. Unaomba tangazo linapotoka, unapita usaili na vipimo vya afya, unakwenda mafunzo ya awali, kisha unapangiwa kazi. Anayeingia akidhani atapelekwa moja kwa moja maabara huumia moyo, kwa sababu jeshi hupanga watu kulingana na mahitaji yake. Shahada ya sayansi au tehama inakuongezea nafasi ya kuhamishiwa huko, lakini haikuhakikishii. Kama huwezi kuvumilia lindo, doria na uhamisho, chagua njia nyingine mapema. Angalia pia kikomo cha umri kwenye tangazo, maana wengi hukumbuka polisi baada ya kukosa kazi miaka mitano, na wakati huo dirisha limeshafungwa.

Njia ya daktari ndiyo ndefu kuliko zote. Miaka 5 ya shahada ya udaktari, mwaka 1 wa mafunzo kazini, halafu shahada ya uzamili ya patholojia ya miaka 3 au zaidi. Wataalamu wa patholojia nchini ni wachache, kwa hiyo mikoani uchunguzi wa maiti mara nyingi hufanywa na daktari wa kawaida kwa maombi ya polisi. Maana yake kijana atakayepangiwa hospitali ya Maweni au Kitete atakutana na kazi hii awe ameichagua au la, na atajaza PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, mara nyingi kuliko anavyodhani. Muuguzi na tabibu wanaohudumia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia nao wanafanya sayansi jinai, ingawa hakuna anayewaita hivyo. Sampuli ya swabu isiyochukuliwa ndani ya saa 72 za kwanza hupungua thamani haraka, na aliyekuwepo saa hizo ni wao, mtaalamu wa Dar es Salaam hayupo.

Tehama ndiyo uwanja unaokua haraka. Waajiri wake ni wengi: polisi, TAKUKURU, benki, kampuni za simu na makampuni ya ukaguzi. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Wahasibu nao wana mlango wao. Mwenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu, anayejua kufuatilia fedha zilizofichwa hahitaji koti jeupe, na kazi ipo.

Tahasusi inaamua mengi

Kosa kubwa hutokea kidato cha nne, kwenye kujaza machaguo. PCB (fizikia, kemia na baiolojia) ndiyo tahasusi inayoacha milango mingi wazi: udaktari, maabara, kemia, vinasaba. CBG (kemia, baiolojia na jiografia) ni nzuri kwa baiolojia, lakini inafunga udaktari kwa sababu haina fizikia. PCM (fizikia, kemia na hisabati) na zile zenye kompyuta zinafaa kwa tehama na kwa fizikia ya silaha na ajali. Kwa udaktari, kiwango cha kawaida ni ufaulu wa angalau D kwenye fizikia, kemia na baiolojia, jumla ya pointi 6. Kwa shahada nyingi za sayansi ni pointi 4 kwenye masomo mawili ya msingi, pamoja na masharti ya kozi yenyewe. Hayo ni masharti ya chini tu. Ushindani ndio unaoamua, na kozi za afya hujaa watu wenye alama za juu zaidi ya hapo. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu hutolewa kila mwaka, nawe soma wa mwaka wako. Wa kaka yako umeshapitwa.

Usiyekwenda kidato cha tano hujaachwa nyuma. Stashahada ya maabara ya tiba huchukua miaka 3, na huhitaji ufaulu wa angalau D nne kidato cha nne, zikiwemo kemia, baiolojia na fizikia. Ukimaliza na wastani wa GPA 3.0 au zaidi unaweza kuomba shahada. Njia hii ni ndefu kwa miaka lakini ina faida ambayo wa kidato cha sita hana: unaingia chuo kikuu mkono wako umeshazoea pipeti, hadubini na daftari la sampuli.

Jihadhari na vyeti vya mtandaoni vya wiki sita vinavyoahidi kukufanya "mtaalamu wa forensiki". Kwa kujifunza vinaweza kusaidia. Kwa ajira ya serikali havibebi kitu. Na shahada ya nje ya nchi lazima itambuliwe na TCU kabla hujaitumia kuombea kazi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa ada.

Jipime kabla ya kuamua

Majaribio mawili yatakuonyesha kama kazi hii ni yako, na gharama yake haizidi bei ya daftari.

La kwanza ni alama za vidole. Sugua penseli kwenye karatasi hadi upate doa jeusi la upana wa sarafu. Osha mikono, kausha kabisa, bonyeza kidole kwenye doa, kisha bandika selotepu juu ya kidole, ibandue na uipachike kwenye karatasi nyeupe. Fanya vidole vyote 10 na uandike jina la kila kidole palepale. Chukua lenzi utafute sehemu ndogo ya pembetatu ambapo mistari inagawanyika kwenda pande tatu. Ikiwa moja, hicho ni kitanzi, aina inayopatikana kwa wingi zaidi. Zikiwa mbili, ni mzunguko. Upinde wa kawaida hauna hata moja, nao ni adimu. Zingatia jambo moja: alama iliyochukuliwa kwa selotepu imegeuka ukilinganisha na ile ya wino iliyogandamizwa kwenye karatasi, kwa hiyo kitanzi kinachoelekea kulia hapa kitaelekea kushoto kule. Anayelinganisha hizo mbili bila kulijua hilo atasema ni watu wawili tofauti.

Kisha chukua alama za mtu anayefanya kazi ya jembe, au za mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua wakati wa kuvuna, utomvu ukiwa umemganda vidoleni. Utaona mistari imefifia, imekatika, imejaa makovu. Ukikaa nayo dakika 40 bila kukasirika, ukatafuta pointi moja baada ya nyingine, yaani mahali mstari unapokatika au kugawanyika, una moyo wa kazi hii.

La pili ni wino. Kata ukanda wa karatasi ya chujio, sentimita 2 kwa 10. Piga mstari wa penseli sentimita 2 kutoka chini, weka nukta tatu za kalamu tatu nyeusi za aina tofauti, kisha usimamishe ukanda kwenye glasi yenye spiriti ya kina cha sentimita 1. Funika. Spiriti ikipanda itabeba rangi, na weusi uliodhani ni mmoja utagawanyika kuwa zambarau, bluu au njano kulingana na kalamu. Nukta zikizama kwenye spiriti, wino utayeyukia ndani ya glasi na jaribio limekwisha. Mstari ukiupiga kwa kalamu badala ya penseli, nao utapanda na kuchafua kila kitu. Kalamu ya jeli yenye rangi isiyoyeyuka haitasogea kabisa, na hilo nalo ni jibu: umeshajua siyo kalamu ya wino wa kawaida. Pima umbali kila rangi iliyosafiri, ugawe kwa umbali spiriti iliyofika, uandike.

Kufungasha kunaua kesi nyingi

Ukisikia maabara imeshindwa kutoa jibu, mara nyingi tatizo lilianza siku kielelezo kilipookotwa. Nguo yenye damu hukaushwa kivulini kwanza, kisha huwekwa kwenye bahasha au mfuko wa karatasi. Ikiwekwa kwenye plastiki ikiwa mbichi, unyevu unabaki ndani, bakteria na kuvu wanazaliana, na vinasaba vinavunjika. Kwenye joto la Kigoma mjini na safari ya zaidi ya kilomita 1,200 za reli hadi Dar es Salaam, hilo halichukui muda.

Mabaki ya moto yanataka kinyume chake. Kitambaa kinachoshukiwa kumwagiwa petroli ukikiweka kwenye karatasi, petroli inageuka mvuke na kuondoka yote; kinahitaji kopo la bati au chupa yenye mfuniko usiopitisha hewa. Sampuli za kupima sumu, kama ini au vilivyomo tumboni, kila moja na chombo chake, bila formalini. Formalini ni ya tishu zitakazoangaliwa kwa hadubini. Ukiimwaga kwenye ini la kupima viuatilifu umeharibu kipimo, na ukiimwaga kwenye sampuli ya vinasaba umeharibu hicho pia. Damu ya kupima kilevi hukaa kwenye chupa yenye floraidi ya sodiamu, ya vinasaba kwenye ya EDTA. Simu iliyokamatwa ikiwa imewaka hutengwa na mtandao mara moja, la sivyo mwenyewe ataifuta akiwa mbali.

Halafu kuna karatasi. Katika rufaa ya jinai namba 110 ya 2007 Mahakama ya Rufani ilieleza mnyororo wa utunzaji wa vielelezo kuwa ni kumbukumbu za maandishi, kwa mfuatano wa wakati, za jinsi kielelezo kilivyokamatwa, kutunzwa, kuhamishwa, kuchunguzwa na kilivyoishia. Nani alikipokea, saa ngapi, lakiri ilikuwa nzima au imevunjika, alimkabidhi nani. Pengo la saa mbili lisilo na maelezo linampa wakili wa utetezi kila anachohitaji, hata kipimo kiwe sahihi namna gani. Kwa hiyo kijana anayedhani kazi hii ni mashine tu aende akakae Mahakama Kuu, Tabora au Kigoma, siku yenye kesi ya wazi inayosikilizwa. Vaa nguo za heshima, zima simu, kaa nyuma. Sikiliza shahidi mtaalamu anavyoulizwa maswali. Kazi yako itaishia kwenye kizimba kile, nawe utatakiwa kueleza vinasaba kwa lugha ambayo mzee wa Kakonko ataielewa.

Hatua za mwaka huu

Kama uko kidato cha tatu au cha nne, weka nguvu kwenye kemia na hesabu, na umwombe mwalimu wa maabara akuachie usafishe na kupanga vifaa. Cheti cha kuzaliwa kishughulikie sasa RITA, maana Bodi ya Mikopo huhitaji cheti kilichohakikiwa, na majina yanayopishana herufi moja na cheti cha NECTA huchelewesha watu kila mwaka.

Kama umemaliza kidato cha sita, tumia miezi ya kusubiri kuomba ruhusa ya kujifunza kwenye maabara ya hospitali ya wilaya au ya mkoa. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mganga mfawidhi, ambatisha nakala ya cheti na barua ya serikali ya mtaa, taja tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Usiombe "nafasi yoyote". Omba mapokezi ya sampuli, maana hapo ndipo utakapojifunza kuweka namba, kukataa chombo kisicho na jina na kuandika sababu ya kukikataa.

Uliyeko chuo, omba mafunzo kwa vitendo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali miezi minne au zaidi kabla ya likizo, kupitia mratibu wa mafunzo wa chuo chako. Taja fani unayoisoma na maabara unayoiomba, na uwe na jibu la mahali utakapolala, kwa sababu swali hilo huulizwa.