Unanunua Leaf ya mitumba Uingereza? Usiamini ile mistari 12

Wakenya wenzangu mlio huku, kabla hujalipia Nissan Leaf ya mitumba, ile gari ya stima, soma hii kwanza, mimi nimeshaungua.

Yangu ni ya 2014, ile ya betri ya 24 kWh. Nilienda kuiona Leicester mwezi wa Novemba, kwa parking ya supamaketi, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, jamaa akawasha na pale pembeni ya geji ya betri nikaona mistari ya afya ya betri, yote 12, imesimama kama askari wa gwaride. MOT (ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka) mpya, logbook iko, bei tamu, nikalipa palepale. Wiki ya tatu mistari ikawa 11. Kufika Krismasi ni 9.

Mstari wa kwanza hauzimi mpaka betri ipoteze karibu asilimia 15, hiyo inayofuata ni kama sita sita kila mmoja, kwa hivyo ukibaki na 9 una betri ya kama asilimia 70 hivi. Usiku mmoja natoka shift Coventry, baridi kali, hita nimewasha, gari ikanizimikia kwa motorway ya M69 nikangoja breakdown na koti la kazi tu mwilini.

Fundi ndiye alinifungua macho. Kompyuta ya betri ilikuwa imefutwa kumbukumbu. Kule nyumbani sote tunajua mambo ya kurudisha mita, hakuna mtu ananunua Probox bila kuuliza, lakini hii ya betri sikuwahi kuiwaza hata siku moja. Ikishafutwa inadhani betri ni mpya, inawasha mistari yote, halafu inajifunza ukweli polepole vile unaendesha na kuchaji, na hapo muuzaji alishakula pesa yako kitambo.

Na usiniambie MOT. MOT haipimi afya ya betri! Inaangalia breki, taa, tairi na vitu kama hivyo.

Kwa hivyo: nunua kifaa kidogo cha OBD cha blututhi, kile cha kusoma kompyuta ya gari, weka app ya LeafSpy kwa simu, chomeka. Lakini skiza, hata hiyo inasoma kompyuta ileile iliyodanganywa, kwa hivyo gari ya miaka kumi ikikuonyesha afya asilimia 99 usifurahi, kimbia. Iendeshe maili 20 kwa motorway uone asilimia zinashuka vipi. Narudia, maili 20, si kuzunguka parking.

Kosa langu la pili ni kununua kwa "mtu binafsi". Ukinunua kwa dila una siku 30 za kurudisha gari mbovu, ni sheria ya 2015. Kwa mtu binafsi hiyo haipo, labda uthibitishe alikudanganya kwa maelezo yake. Baadaye nikakuta namba ileile ya simu imeuza magari mengine manne, yaani ni dila aliyejificha, na hiyo ni kosa kisheria, lakini utampata wapi. Nilipompigia mara ya mwisho aliniambia pole kwa upole kabisa, akakata. Watu wa huku watakuomba msamaha mara kumi bila kutoa hata shilingi, afadhali wa kwetu akutukane ujue mmekosana.

Kuchaji ni rahisi: kaa kati ya asilimia 20 na 80, usiilaze kwa 100 siku nzima, chaja za kasi ziwe za safari. Zile betri za aina ya LFP ambazo gari zingine zinatumia ni tofauti, hizo zinataka kujazwa mpaka 100 mara kwa mara. Kama unaishi fleti bila chaja fikiria mara mbili, stima ya chaja za barabarani inakatwa VAT asilimia 20 na ya nyumbani ni 5, maskini ndiye analipa zaidi, hii nchi bwana.

Sasa mjomba wangu wa Kisauni, nakupenda lakini wacha kuniuliza kama nitakutumia hii Leaf. Gari ya 2014 haiingii Mombasa, sheria ya Kenya ya kukataa gari iliyozidi miaka minane unaijua kuniliko. Na hata ingeingia, Leaf betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza, watu wa Phoenix kule Arizona walianza kulia mistari inapotea mapema tu 2012, sababu ni joto. Sembuse Kisauni mwezi wa Februari.

Jana usiku ameuliza tena kama inaweza kuingia kwa kontena.